Naomba ushauri: dada yangu anataka kwenda Saudi Arabia

Ndugu zangu, dada yangu amepata wakala hapa Mombasa wa kumpeleka Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, na mwanawe wa miaka 4 ameshaanza kulala akiwa amekumbatia leso ya mamake. Simlaumu, kwa kuwa kufulia watu nguo hakutoshi hata kodi, na mtaani kwetu nyumba kadhaa za mawe zimesimama kwa fedha za Ghuba, ingawa ndani yake watoto hulelewa na nyanya peke yao. Ninachohofia zaidi ni mfumo wa kafala, yaani ule unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri aliyemdhamini, kwani mageuzi ya Machi 2021 yaliyowarahisishia wafanyakazi wengine kubadilisha mwajiri hayakuwahusu wa majumbani. Mliowahi kufanya kazi huko, avikague vipengele gani vya mkataba kabla ya kutia sahihi, na mtoto tumwandae vipi?