Nimeshonwa mshipa wa kidole, wiki ya nne hii. Naweza kupiga msasa tu?

Patasi Butu
Wakuu habari za jioni. Mimi seremala, kijiwe changu kipo Keko, Dar. Naandika kwa gumba la kulia peke yake, mnivumilie.

Nilikuwa natoboa tundu kwenye mguu wa kitanda, mkongo mkavu. Nilitakiwa niubane kwenye jiliwa, nikaona uvivu, nikaushika kwa mkono wa kushoto nikasukuma patasi kwa wa kulia. Na patasi nimeinoa asubuhi hiyohiyo! Ikateleza, ikaingia pale kidole cha kati kinapoanzia kwenye kiganja. Jeraha lenyewe hata sentimita mbili halifiki.

Zahanati ya karibu wakaniosha, wakanidunga sindano ya pepopunda, nyuzi nne, nenda nyumbani. Hakuna aliyesema "hebu kunja kidole". Siku ya nne nabadilisha bendeji ndio nashangaa: vidole vingine vinafumba, cha kati kimebaki kimenyooka kama msumari. Hospitali kubwa wakasema mishipa yote miwili ya kukunjia (kano) imekatika, na neva ya upande mmoja. Nikapasuliwa siku ya tisa. Nimevishwa kibao cha plastiki mgongoni mwa mkono, kinazuia vidole visinyooke mpaka mwisho.

Sasa kidole hakiumi kabisa na kinakunja nusu. Kuna mama wa Mbagala alitanguliza laki tatu za kabati, anapiga simu kila siku, jana kaja na mwanawe mkubwa, amesimama tu mlangoni haongei. Mbao zimeshakatwa, imebaki kuunga na kupiga msasa. Msasa si kazi nzito jamani. Nikivua kibao saa mbili tu?

Halafu upande mmoja wa kidole una ganzi, nikigusa naona kama cha mtu mwingine. Hii inarudi?

Mtoto wa Tandika
Pole sana kaka. Shangazi yangu aliteguka mkono, kuna mzee alimchua kwa mafuta ya nazi ya moto na kumnyoosha, siku ya tatu anasonga ugali. Nikupe namba?

Mchomeleaji wa Mwanza
Mtoto wa Tandika, hiyo namba baki nayo. Kuteguka ni kitu kingine. Huyu ana kano iliyoshonwa kwa uzi, mzee akinyoosha anaichana.

Patasi, nisikilize mimi. Mwaka 2019 bati lilinikata kidole cha pete, mkono wa kulia. Nikashonwa, nikavishwa kibao kama chako. Wiki ya tano nikajiona nimepona, hakiumi, nakunja vizuri. Asubuhi maji yamekatika, nikanyanyua ndoo ya lita ishirini. Sikusikia maumivu, nilisikia "ta!" ndani ya kiganja, kama uzi wa mshipi unapokatika samaki akiwa juu. Kidole kikanyooka hapohapo. Ndoo nimeiweka chini nakitazama tu.

Operesheni ya pili haikuwa ya kushona tena. Waliweka kwanza kijiti laini cha silikoni kutengeneza njia, nikakaa nacho miezi mitatu, ndipo wakachukua kano nyingine hapa kwenye mkono, chini ya kifundo, wakaipitisha. Ndoo moja imenila karibu mwaka mzima. Mpaka leo kidole hakifiki kwenye kiganja, kinabaki na nafasi ya kupitisha bomba la nusu inchi. Mpini wa nyundo nimeuzungushia mpira wa tairi la baiskeli uwe mnene, la sivyo unachomoka.

Mimi afadhali nilikuwa nimeajiriwa na tajiri alikuwa anachangia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nikawa nalipwa asilimia 70 ya mshahara nikiwa nyumbani. Wewe wa kijiweni hiyo hauna, najua, na ndiyo maana msasa unakuita.

Dada wa Mazoezi
Nafanya kazi ya mazoezi ya tiba, mikono naiona kila wiki. Kaka Patasi, kano iliyoshonwa haiumi hata ikiwa dhaifu, kwa hiyo maumivu usiyatumie kama kipimo. Kibao kwa kawaida ni wiki 6, usiku na mchana. Kuanzia wiki ya 8 hivi ndio unaanza kubana vitu laini. Kazi nzito baada ya wiki 12, na aliyekupasua ndiye wa kukuruhusu.

Msasa: utasema napiga kwa kulia. Ubao utaushika na nini? Na ukiteleza, mkono wa kushoto utaudaka wenyewe kabla hujafikiri. Hapo ndipo kano nyingi zinakatikia.

Lakini pia usikae na mkono kama sanamu. Kano isiposogea inagandana na nyama inayoizunguka, kidole kinakauka. Fanya yale uliyoonyeshwa, kila saa ukiwa macho, ukiwa ndani ya kibao: mkono usioumia unakikunja kidole taratibu hadi kiganjani, kisha kinanyooka chenyewe mpaka kiguse kibao, basi. Mkono ukivimba, uinue juu ya usawa wa moyo. Sigara kama unavuta, acha, kidonda kinachelewa kupona.

Ganzi: neva ikishonwa inakua kama milimita moja kwa siku, na huchelewa wiki kadhaa kabla ya kuanza. Kutoka ulipokatwa hadi ncha ya kidole ni kama sentimita nane au tisa, kwa hiyo hesabu miezi minne na zaidi. Hisia inaweza isirudi yote. Gonga polepole kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu kwenda juu. Ukisikia kama umeme, neva imefika hapo. Kwa sasa kikombe cha chai shika kwa mkono mwingine, utaungua usijue.

Patasi Butu
Dada asante. Mchomeleaji, ile "ta" yako imenifanya nisilale.

Nimempigia mama wa Mbagala nikamtumia picha ya mkono. Kumbe mumewe aliwahi kukatwa na mashine ya kusaga, mama akapoa hasira. Kuunga nimempa fundi jirani, tunagawana kilichobaki. Kijana wangu anapiga msasa, anapiga kinyume na nyuzi za mbao huyu mtoto, mimi nipo kwenye stuli namfokea, mkono juu kama naomba kuuliza swali.

Nimegonga. Umeme umevuka kovu, kama upana wa penseli ya fundi.