Corolla 110 inalia ka-ka-ka kwenye kona: raba tu au CV jointi nzima?

Mkazi_wa_Kona:
Wakuu, habari za leo. Gari ni Corolla AE110, injini 5A, giaboksi ya auto, haina ABS. Nikikunja usukani wote kulia na kukanyaga mafuta kidogo, inalia ka-ka-ka upande wa kushoto. Raba ya nje, ile inayofunika CV jointi (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekunjwa), imechanika kwenye mkunjo na rimu kwa ndani imetapakaa grisi nyeusi. Fundi mmoja anasema raba mpya na grisi vinatosha, mwingine anataka shafti nzima (ule mti wa chuma kutoka giaboksi hadi tairi, wenye jointi ya ndani na ya nje). Nani yuko sahihi? Na kazi inafanywaje? Nataka nikisimama pale nijue ninachokiangalia.

Spana30:
Mkuu, wote wawili wamekosea. Ikishalia, raba mpya haisaidii kitu. Huo mlio ni gololi sita za jointi ya nje zinaruka kwenye vishimo zilivyojichimbia njiani mwake. Vumbi likiingia kwenye grisi linageuka kama ile pesti ya kusagia valvu. Raba peke yake unabadili pale inapochanika, kabla ya mlio: unafungua, unaosha kwa mafuta ya taa, unakausha kabisa, unajaza grisi mpya.

Shafti nzima nayo si lazima kama jointi ya ndani ni nzima. Ipime hivi: ukikanyaga mafuta kwenye mwendo wa 60 mpaka 80 gari inatetemeka, ukiachia inatulia? Hiyo ni ya ndani, ile yenye roli tatu. Mvumo unaopanda na mwendo, ukanyage usikanyage, ni beringi ya tairi.

Dukani nenda na jointi kuukuu mkononi. Corolla nyingi za wakati huo zina meno 26 upande wa habu (kitovu kinachobeba tairi) na 23 upande wa shafti, ila hesabu ya kwako. Pima pia kipenyo cha pale inapokaa sili.

Fundi_Mstaafu:
Naongezea namna ya kufanya. Nati ya habu ilegezwe gari ikiwa bado chini, mtu amekanyaga breki. Toa kota pini (kipini kinachozuia nati isilegee) na kofia yake, soketi ni 30. Ndipo jeki, stendi, tairi nje. Boli jointi ya chini (kiungo kinachoshika habu kwa chini) imeshikwa kwenye mkono wa sasipenshen kwa bolti moja na nati mbili. Fungua, vuta habu upande, sukuma shafti ndani. Ikigoma, rudisha nati mpaka ilingane na ncha, kisha gonga kwa kipande cha mti au shaba. Nyundo ya chuma ikipiga ncha moja kwa moja inaitandaza, na nati haitapanda tena. Usivute habu kupita kiasi, roli za ndani zitachomoka kwenye kikombe chake. Shafti ikitolewa nje ya giaboksi oili itamwagika, kwa hiyo tega beseni na urudishie kiasi kilekile.

Kata raba, pangusa grisi mpaka uone kiini cha kati chenye meno. Shafti ibanwe kwenye jiliwa, shaba iwekwe kwenye kiini, siyo kwenye kizimba cha gololi. Mapigo mawili matatu makali yanaifyatua klipu ya ndani. Raba mpya na klipu yake ndogo vitangulie kwenye shafti kabla ya jointi! Hapa ndipo kazi hurudiwa. Jointi mpya igongwe mpaka klipu ijifunge, halafu ivute kwa nguvu; isitoke.

Grisi ni ile nyeusi yenye molibdenamu, siyo ya beringi. Paketi inayokuja na raba, gramu 80 hadi 120, iishe yote: ishindilie kwa kidole katikati ya gololi mpaka itokeze pembeni, inayobaki ndiyo iende kwenye raba. Funga klipu kubwa ya raba, chomeka bisibisi nyembamba chini ya mdomo wake mdogo hewa itoke, ndipo ufunge ndogo. Waya wa kufungia hapana, unakata raba.

Kukaza (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza): nati ya habu 216 Nm, boli jointi 142, nati za tairi 103. Kota pini iwe mpya.

GiaNambaTatu:
Hapo kwenye 216 pasichukuliwe poa. Nati ya habu ndiyo inayobana beringi. Ikikazwa kwa kukadiria, miezi michache beringi inaanza kuvuma na jointi mpya inasingiziwa. Kwa sababu hiyohiyo gari isishushwe wala kusukumwa shafti ikiwa nje, hata kuisogeza gereji tu.

Kuhusu raba za kugundisha zenye mshono, mimi sizipendi. Tone la grisi kwenye mshono gundi haishiki, inafumuka.

Mkazi_wa_Kona:
Asanteni sana wakuu. Swali moja: raba ya ndani ya shafti hiyohiyo ina nyufa ndogo, haijachanika. Niiache?

Spana30:
Badili sasa, shafti iko mezani tayari. Kabla ya kuitoa ile ya roli tatu, chora mstari wa rangi juu ya shafti na kikombe ili virudi vilivyokuwa. Na ule upande wa kiini cha roli uliochongwa kimshazari uelekee jointi ya nje.