Mashine ya kulainisha maji ya kisima: nichague ya ukubwa gani?

Mwulizaji, Mikindani

Ndugu zangu, naomba ushauri. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na kwa maji yake sabuni haitoi povu hata ukisugua kwa muda mrefu. Birika limejaa ukoko mweupe, na hita ya bafuni imeungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Muuzaji ananishauri ninunue mashine kubwa kuliko zote alizo nazo, ilhali tuko watu sita tu. Nitajuaje inayotufaa kabla sijatoa fedha?

Fundi bomba, Lindi

Dada, kwanza yaonje maji hayo. Huku pwani tunaita "maji ya chumvi" hata yale yaliyo magumu tu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Ikiwa yana ladha ya chumvi kweli, mashine ya kulainisha haitakusaidia, kwa sababu kazi yake ni kuondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu, iliyo ndani ya chumvi, mahali pake.

Ikiwa ni magumu tu, peleka sampuli maabara. Yakizidi miligramu 180 za ugumu kwa lita, hayo huhesabiwa kuwa magumu sana. Tuseme yenu yana 300, nanyi mnatumia lita 600 kwa siku: mashine italazimika kuondoa gramu 180 za ugumu kila siku. Lita moja ya resini, yaani chembechembe za ndani ya mashine zinazonasa ugumu, hubeba takriban gramu 50, kwa hiyo lita 25 zitawatosha karibu siku saba kabla ya kuoshwa kwa maji ya chumvi. Chagua inayojiosha kwa kuhesabu lita zilizotumika, kwani ile inayofuata saa hula chumvi hata mkiwa mmesafiri. Maji yakiwa na kutu, yachujwe kwanza, la sivyo resini itaharibika mapema.

Muuguzi, Mtwara mjini

Naomba niongeze jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kila miligramu 100 za ugumu zikiondolewa, huingia takriban miligramu 46 za sodiamu katika lita hiyo. Kwa mfano wa fundi, ni kama 138. Nyumba yenye mgonjwa wa presha aliyeagizwa kupunguza chumvi, au mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, isiyatumie maji hayo kwa kunywa. Bomba la jikoni liunganishwe kabla ya mashine.

Mwulizaji, Mikindani

Nashukuru sana, maana mama yangu ana presha na nilikuwa karibu kuunganisha nyumba nzima. Maji yetu hayana ladha ya chumvi. Je, yale ya kuoshea resini niyamwage bustanini?

Fundi bomba, Lindi

Hapana, dada, yataunguza mboga. Yaelekeze kwenye shimo lililo mbali na kisima. Na kwa kuwa mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba, weka mfereji kwenye bati: paa la mita za mraba 80 likipata milimita 10 za mvua hukinga hadi lita 800, na maji hayo hayana ugumu wowote wa kulainishwa.