Tupeane uzoefu: michirizi myeupe kwenye majani ya minji

Bahati, Nakuru
Wakulima wenzangu, habari zenu. Minji yangu robo ekari imejaa michirizi myeupe iliyojipindapinda kwenye majani, utadhani mtoto amechora na chaki. Nimepiga dawa mara tatu kwa wiki mbili, na hali inazidi kuwa mbaya. Jana nilichana jani moja kwa ukucha nikamkuta funza wa manjano, mdogo kuliko punje ya wimbi. Nani ameyapitia haya?

Mau Narok
Pole sana ndugu yangu. Huyo ni mtoto wa nzi mchimba majani, na kwangu aliingia kwenye viazi. Nzi mwenyewe ni kama milimita 2 tu. Jike anatoboa jani na kunyonya maji yake. Dume hana cha kutobolea, anakula kwenye matundu ya jike. Yai linawekwa ndani ya jani, funza anakula katikati ya ngozi mbili za jani, dawa nyingi zinabaki kulowesha juu. Akishiba anadondoka kwenye udongo anageuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Mimi niliacha kabisa zile dawa za kuua kila kitu, kwa sababu zinamaliza nyigu wadogo ambao watoto wao wanamla huyo funza. Msimu uliofuata nikapumua.

Ahero
Mimi nilipotea njia. Nyanya zangu nilisema ni nzi huyo, kumbe ni Tuta absoluta, nondo aliyeingia Kenya 2014. Alama zake ni mabaka mapana, na anaingia mpaka ndani ya tunda. Nzi hagusi tunda la nyanya. Tazameni vizuri kabla ya kununua dawa.

Naivasha
Nimefanya kazi kwenye maua miaka mingi. Mmoja wa nzi hawa, Liriomyza trifolii, aliletwa na vipandikizi vya krisanthemu kutoka Florida mwaka 1976. Hachagui: maharagwe, bamia, mchicha, hata gugu la kichoma nguo lililoota pembeni. Palilia mipaka pia, mama na baba zangu. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walileta nyigu kutoka Peru kuwakabili nzi hawa.

Bahati, Nakuru
Asanteni sana. Leo alfajiri nimefungua majani kumi kwa sindano. Kwenye mawili funza amelegea, hatikisiki, na kibuu kingine, bila shaka mtoto wa nyigu, kimejilaza ubavuni mwake. Bomba nimelirudisha stoo.