Naomba ushauri: nashindwa kuuachia mswada wangu

Wakuu, habari zenu. Riwaya yangu ya kwanza iko duru ya mwisho ya uhariri, na masahihisho mengi nimeshayakubali. Kinachonitesa ni sura ya tatu. Mhariri anataka nimwondoe bibi wa mhusika mkuu, eti anachelewesha kisa. Nimemfuta, nikamrudisha, nikamfuta tena. Jana nimekesha na koma moja kwenye maneno yake ya kuaga. Halafu nikagundua mjomba mtu ana macho mawili sura ya pili, sura ya tisa ni chongo, na hakuna mahali alipoumia! Wiki ijayo mswada unaingia kwenye upangaji wa kurasa. Mliowahi kuchapisha, mlijuaje kwamba sasa basi? Na huyu bibi, nimpiganie?