Tupeane uzoefu: wauguzi, ni nini kazini kilikuweka tayari kwa maafa, na ni nini kilikufanya utake kuondoka?

Mleta mada:
Wauguzi wenzangu, naleta mada hii baada ya kumuaga mwenzetu wa nne kuacha kazi katika idara yetu ndani ya mwaka mmoja. Tulipokuwa tukifungua kabati lake tulikuta kadi za rangi za kupanga ni majeruhi gani ahudumiwe kwanza, na hapo ndipo tulipotambua kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa akizifundisha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, lakini idadi hiyo haisemi aliyeondoka ameondoka na ujuzi gani. Naomba tusimulie yaliyotupata bila kutaja hospitali wala majina ya watu.

Muuguzi wa dharura:
Mpango wa maafa tulikuwa nao, tena umechapwa vizuri, ila ulifungiwa katika ofisi ambayo ufunguo wake huondoka na mwenyewe saa kumi jioni. Usiku mmoja tuliletewa majeruhi 23 wa ajali ya barabarani, nasi tulikuwa wauguzi watatu na daktari mmoja. Kwa bahati, mmoja wetu aliwahi kufundishwa kwingineko kupanga majeruhi: anayeweza kutembea anapewa kadi ya kijani na kusogezwa pembeni, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika anapewa nyekundu, yaani ahudumiwe kwanza, na asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa anapewa nyeusi. Hii ya mwisho ndiyo iliyonitesa, kwa sababu mikono inataka kumhudumia huyo huyo ambaye kanuni inakuambia umpite.

Tulifanya kazi hadi asubuhi. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nianze kuandika barua ya kuacha kazi: hakuna kiongozi aliyetukalisha kuuliza yaliyokwenda vizuri na yaliyokwama, wala aliyeuliza kama tulikuwa salama, bali tuliitwa kueleza kwa nini hesabu ya glavu na dripu haikulingana na daftari.

Aliyekwisha kuondoka:
Poleni, lakini tusipambe mambo. Mimi niliondoka kwa sababu ya mshahara na ya zamu mbili mfululizo, na hata kama ningepewa mafunzo ya maafa kila wiki, ningeondoka vilevile.

Muuguzi wa wagonjwa mahututi:
Naelewa hoja ya mshahara, ila kwangu haikuwa hivyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, nilihamishwa kutoka wodi ya upasuaji kwenda kwenye mashine za kupumulia, nikaarifiwa asubuhi ya siku ile ile. Sikuogopa virusi kama nilivyoogopa kumdhuru mgonjwa kwa kutojua. Aliyeniokoa ni muuguzi mzoefu aliyenikalia karibu kwa zamu tatu, akiniruhusu kuuliza swali lile lile mara tano bila kunidhalilisha. Nia ya kuacha kazi ilikuwapo kichwani kila nilipovaa barakoa. Iliyeyuka nilipokuwa na mtu wa kumuuliza, na ikarudi siku alipohamishwa bila maelezo.

Msimamizi wa wodi:
Niseme kwa upande wa sisi tunaolaumiwa. Mwongozo wa umahiri wa uuguzi wa maafa wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, uliohuishwa mwaka 2019, unamtarajia hata muuguzi wa ngazi ya kwanza kuwa na mpango wa maandalizi wa binafsi, wa familia na wa kikazi. Hilo la familia nililidharau mpaka nilipowauliza wauguzi wangu nani angefika kazini usiku wa maafa, na karibu wote wakanijibu kwa swali: watoto wabaki na nani? Tukapanga wawili wawili, mmoja akiitwa kazini, mwenzake ndiye wa kumsaidia nyumbani.

Baada ya hapo, badala ya kusubiri fedha za semina, nilichukua dakika 15 za makabidhiano ya zamu kila Jumatano. Tuliigiza jambo moja tu kwa siku, kwa mfano umeme umekatika na mgonjwa yuko kwenye oksijeni. Muuguzi mdogo kuliko wote alikuwa na ruhusa ya kunikosoa, na mara ya kwanza alikuwa sahihi, kwani mtungi wa akiba niliouonyesha ulikuwa mtupu. Kwa miezi minane hakuna aliyeomba uhamisho, ingawa sidai kwamba ni mazoezi peke yake yaliyowabakiza. Wakati huo huo nilikuwa nimeanza pia kutoa ratiba ya zamu mwezi mzima kabla.

Mleta mada:
Msimamizi, umeandika “kwa miezi minane”. Baada ya hapo ilikuwaje?

Msimamizi wa wodi:
Nilihamishwa. Niliporudi kuwatembelea baada ya miezi mitatu, ratiba ya Jumatano ilikuwa bado imebandikwa ukutani, lakini mazoezi yaliachwa tangu wiki ya pili, na yule muuguzi mdogo alikuwa ameshapeleka barua yake.