Tupeane uzoefu: alama za maandishi zenye hazilazimishwi mu Kiesperanto (lugha ya kutungwa), weye unaweka ao unaacha?

Bandugu jambo, niko Kadutu, Bukavu. Mi nilizoea Kifaransa cha masomo, basi mbele ya "ke" (ndiyo "kwamba" yetu) sikuwekaka mkato, naandika tu "mi scias ke vi venos" (najua kwamba utakuja). Rafiki mmoja wa Poland mwenye tunaandikiana akanirudishia barua, kila "ke" ameitilia mkato. Niliumia sana, nikajua nimeharibu yote. Kumbe si kosa, ni desturi ya tangu Zamenhof, mwenye alitunga lugha hii, kule Bialystok alikulia kati ya Kirusi na Kipolandi na kule mkato unakaa pale pale. Leo naweka, juu mwenye kusoma anapata pa kupumua. Na nyinyi?

— Himbi, Goma: Yangu ni kistari. Nilikuwa nasomea kikundi chetu kwa sauti, nikakuta "sentema parolado", nikaeleza batu kama ni maongezi ya mtu mwenye moyo wa kuguswa haraka, sent-ema, dakika nzima naeleza huruma, kumbe mwandishi alitaka sen-tema, maongezi yenye haina mada! Kistari kimoja tu kingetosha. Na "kolego" ni mwenzako wa kazi, lakini kol-ego ni shingo kubwa. Zamenhof mwenyewe mu kitabu cha kwanza cha 1887 alitenganisha vipande vya maneno na alama ndogo ili mgeni atafute kila kipande mu kamusi, kwa hiyo shida hii aliiona mapema. Tangu siku ile neno lenye linasomeka mara mbili nalitilia kistari, hata wakinambia haina lazima.

— Katuba, Lubumbashi: Muangalie apostrofi, ile ni ingine. Kanuni ya 16 ya Kiesperanto inaruhusu kukata -o ya mwisho ya jina, "koro" (moyo) inakuwa "kor'". Kukata ni hiari yako, lakini ukishakata alama ni lazima. Mu shairi la harusi ya dada yangu niliziacha zote na bageni bakashindwa kusoma. Ni kama ng'ombe, ukitosha ile alama mtoto anasoma nini?

— Birere, Goma: Mi nasoma Lojban, lugha ingine ya kutungwa. Kule swali la ndiyo ao hapana linaonyeshwa na neno "xu", na maneno ya mtu unayafungua na "lu" unayafunga na "li'u", unayatamka kwa mdomo kabisa, alama ya kuuliza haina kazi. Lakini nikimwandikia mtu mwenye anaanza naiweka tu, anaona swali mbele ya kufika kwa neno.

— Kadutu: Wa Birere, na mwalimu wako anaikubali?